Sura naijua ila jina limenitoka: jinsi ya kuusaidia ubongo wako ukumbuke watu

Kuna ile hali mtu anakuja anakusalimia kwa jina lako kabisa, anatabasamu, anakuulizia hadi watu wa nyumbani, na wewe umesimama pale unajua huyu nimeshamuona ila wapi hujui, jina ndo usiseme, unaitikia tu huku unaomba asije akauliza "umenisahau eeh?". Mimi nimeishi na hiyo kitu miaka mingi na imeniuma, maana kuna watu walininunia wakajua nawadharau, mmoja nilimpita mara mbili ndani ya wiki moja bila salamu na hakuwa tena karibu na mimi. Ndo nikaanza kufuatilia kwa undani ubongo unafanya nini ukiona sura ya mtu, nikagundua wengi wetu tunajitahidi sana ila tunajitahidi mahali sipo. Tunashika nywele, miwani, shati, alafu tunategemea wiki ijayo tumtambue mtu aliyenyoa na kubadilisha shati. Naandika hapa ninachofanya sasa hivi pamoja na sababu zake, chukua kinachokufaa.

Anza kwa kuelewa ubongo wako, na naomba usiiruke hii sehemu maana mbinu zote za chini zinatoka hapa.

Ubongo hausomi sura kama orodha, yaani macho, sawa, pua, sawa, mdomo, sawa. Unaibeba yote kwa mpigo mmoja. Jaribu sasa hivi, fungua picha ya mtu kwenye simu, mtu unayemjua wastani tu sio mama yako, funga ile sehemu ya picha kujizungusha yenyewe, alafu igeuze kichwa chini. Vipande vyote viko pale pale lakini unahisi kabisa kuna kitu kimepotea. Mtafiti Robert Yin alilipima hili mwaka 1969 akakuta picha zikigeuzwa kichwa chini tunaharibikiwa zaidi kwenye sura kuliko kwenye vitu vingine kama nyumba. Mwaka 1980 Peter Thompson akachukua picha ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akageuza macho na mdomo tu ndani ya sura, ukiitazama picha nzima ikiwa kichwa chini unaona mwanamke wa kawaida anatabasamu, ukiisimamisha wima unashtuka. Kinachopotea ni mpangilio, umbali kati ya jicho na jicho, pua imekaa wapi ukilinganisha na mdomo, na huo mpangilio ndo sura yenyewe.

Kazi hiyo kwa kiasi kikubwa inafanyika sehemu ya chini ya ubongo, usawa wa nyuma ya sikio hivi kwa ndani, na kwa watu wengi upande wa kulia unafanya zaidi. Nancy Kanwisher na wenzake walilitangaza hilo eneo mwaka 1997 baada ya kuwaweka watu kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha ndani ya mwili, na kuwaonyesha sura na vitu vingine. Na ni haraka mno, ndani ya milisekunde 170 hivi tangu uone sura, umeme wa ubongo unaopimwa juu ya kichwa tayari unaonyesha tofauti kati ya sura na vitu vingine. Ndo maana unaona sura kwenye mawingu, kwenye soketi ya ukutani, mbele ya gari, ubongo unaziwahi kabla hujafikiria.

Sasa kuna mambo mawili ambayo kwangu ndo yalibadilisha kila kitu.

La kwanza, kumjua mtu kunaenda kwa hatua. Vicki Bruce na Andy Young waliipanga hivi mwaka 1986: sura hii naijua, halafu huyu ni nani, yaani anafanya nini na tunajuana vipi, halafu mwisho kabisa ndo jina. Jina linakaa nyuma ya mlango wa mwisho. Watafiti waliwahi kuwaomba watu waandike kila siku pale wanapokwama kumtambua mtu, na wakakuta kesi nyingi za "namjua, tunafanya wote kazi, jina limegoma", lakini kesi ya kupata jina la mtu bila kujua chochote kingine kumhusu hawakuipata. Kwahiyo ukikwama kwenye jina usijione una ubongo mbovu, umekwama pale wanapokwama wote.

La pili ndo zito zaidi. Sura ya mtu usiyemjua na sura ya mtu unayemjua ubongo unazishughulikia tofauti kabisa. Mwaka 2011 Rob Jenkins na wenzake waliwapa watu picha 40 zilizochanganywa, wakawaambia zipangeni, kila mtu na fungu lake. Zilikuwa picha za wanawake wawili tu, watu maarufu wa Uholanzi. Waliokuwa hawawajui wakatengeneza mafungu saba, nane, yaani waliona watu saba au nane pale. Waliokuwa wanawajua wakaona wawili bila shida yoyote. Picha zile zile! Maana yake mtu mgeni kwako bado ni picha, taa ikibadilika, akikasirika, akigeuka upande, kwako anakuwa mtu mwingine. Unayemjua ameshatoka kwenye picha amekuwa mtu, hata kwenye video yenye ukungu unamkamata. Kazi yote ya kukumbuka sura ni kumtoa mtu kwenye picha na kumfanya mtu, na hilo unaweza kulifanya makusudi.

Tuanze na pa kutazama.

Tukikutana na mgeni ubongo unavutwa na vitu vya nje, nywele, umbo la kichwa, kidevu. Kwa tunaowajua tunategemea zaidi vya ndani, macho, pua, mdomo, hii imejulikana tangu miaka ya 70. Shida ni kwamba vya nje ndo vinavyobadilika, mtu anasuka, ananyoa, anavaa kofia. Kwahiyo lazimisha macho yako yaingie ndani mapema. Huna haja ya kumkodolea mtu, watu wengi wakitambua sura macho yao yanatua chini kidogo ya usawa wa macho ya mwenzao, juu ya pua, hapo unaipata sura yote kwa mara moja na hata yeye anahisi unamsikiliza.

Halafu nyusi. Nyusi watu wanazidharau sana. Mwaka 2003 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, Javid Sadr na Pawan Sinha wakiwemo, walichukua picha za watu maarufu, nyingine wakafuta macho, nyingine wakafuta nyusi, na watu walishindwa zaidi kuwatambua wale waliofutwa nyusi kuliko waliofutwa macho. Mimi siku hizi nikimtazama mtu mara ya kwanza najiuliza swali moja tu, huyu angekuwa na ndugu yake aliyefanana naye nyumba moja, mimi ningewatofautisha kwa kitu gani? Swali hilo linakutoa kwenye nywele moja kwa moja. Unaona nyusi zinakaribiana, au pua ndefu iliyo juu ya mdomo mfupi, au jicho moja linafumba zaidi akicheka. Chukua kitu kimoja. Kimoja kinatosha.

Na hapo kwenye kimoja nasisitiza kwa sababu kuna mtego. Ukianza kuieleza sura nzima kwa maneno, "uso wa duara, pua ya wastani, midomo mipana", unaweza kuiharibu kumbukumbu yenyewe. Jonathan Schooler na Tonya Engstler-Schooler walionyesha hili mwaka 1990, watu waliangalia video ya wizi wa benki, baadhi wakaandika maelezo ya sura ya mwizi na wengine wakafanya kitu kingine, kwenye kumchagua mwizi kati ya picha za watu wanaofanana walioandika wakafanya vibaya zaidi. Maabara nyingi zilirudia jaribio hilo miaka ya baadae na athari ikajitokeza tena. Ukifikiria inaeleweka, sura imehifadhiwa kama mpangilio na maneno yanaleta vipande, "pua ya wastani" ziko mamilioni. Kwahiyo shika alama moja, alafu ile sura nyingine yote iache ikae kama picha kichwani.

Mbinu inayofuata inaonekana ya ajabu ila ina nguvu: fanya uamuzi juu ya mtu. Gordon Bower na Martin Karlin mwaka 1974 waliwaonyesha watu picha, kundi moja wakaambiwa sema tu huyu ni mwanaume au mwanamke, wengine wakaambiwa sema kama anaonekana mkweli, au kama unahisi utampenda. Waliotoa hukumu ya undani walizikumbuka zile sura vizuri zaidi baadae. Mimi najiuliza, huyu ningemkabidhi funguo za nyumba? Huyu akikasirika anapaza sauti au ananyamaza? Kujibu swali kama hilo kunakulazimisha uizunguke sura nzima. Lakini tafadhali, jibu lenyewe litupe, ni msaada wa kumbukumbu tu, sura ya mtu haikuambii kama ni mwaminifu na kuna watu wameumizwa maishani kwa kuonekana "wana sura mbaya" tu. Jiulize swali, pata kumbukumbu, halafu mpe mtu nafasi yake.

Sasa ile ya kumtoa kwenye picha. Ubongo unahitaji tofauti tofauti za mtu huyo huyo. Akicheka, akiwa serious, akiwa amegeukia dirishani, akiwa kwenye kivuli, akila, akiongea kwa hasira. Kwahiyo badala ya kumtazama kwa umakini dakika moja ya kwanza na kumsahau, mtupie macho mara nyingi katika hali tofauti. Kwenye kikao mtazame akiongea, mtazame wakati mwingine anaongea na yeye anasikiliza, mtazame akitoka. Mfanye acheke, kwa kweli hii ni nzuri, sura inajifungua yote mtu akicheka.

Na kama unaenda kukutana na mtu ambaye humjui, mfano unampokea mgeni mahali penye watu wengi, usikae unaikariri picha yake moja ya profaili iliyopigwa kwa taa nzuri. Tafuta picha tano sita zilizopigwa siku tofauti, na kama kuna video ndo bora zaidi. Picha kumi zinazofanana zina thamani ya picha moja.

Alafu kuna tatizo la mahali. George Mandler aliandika mwaka 1980 mfano ambao wasomi wa kumbukumbu wanautumia mpaka leo, unapanda basi unamuona mtu, una uhakika unamjua, inakuchukua muda ndo unakumbuka kumbe ni yule muuza nyama. Ulimfunga na bucha. Ukimtoa kwenye bucha na lile koti lake la kazi hatua ya kwanza inafanya kazi, "namjua", hatua ya pili inagoma. Dawa yake ni kumfunga mtu na mambo yake mwenyewe badala ya mahali. Muulize kitu, alikulia wapi, anapenda nini, nini kinamsumbua kazini, na sikiliza kweli. Kabla hamjaachana mfikirie sekunde tatu akiwa mahali pengine kabisa, kwenye foleni ya uwanja wa ndege, amevaa kofia, kabeba mtoto. Nilipoanza hiki kitu ndo niliona mabadiliko makubwa zaidi kwangu, na ndo mbinu ambayo sijaona wengi wakiitaja.

Jina sasa. Jina ni gumu kwa sababu halibebi kitu. Kuna jaribio la 1987 ambalo kila mtu kwenye haya mambo analijua, unaonyeshwa sura, unaambiwa huyu anaitwa Baker, au unaambiwa huyu kazi yake ni kuoka mikate, na kwa Kiingereza ni neno lile lile moja. Watu walikumbuka kazi kuliko jina! Kazi inaleta harufu, tanuri, unga mikononi, jina linaleta hewa. Sisi tunaoongea Kiswahili tuna bahati hapa maana majina mengi tunayoyasikia yana maana, Neema, Subira, Baraka, Furaha, Bahati, tatizo tumeyazoea mpaka hatuisikii ile maana. Irudishe. Ukiambiwa anaitwa Subira, mtazame kwenye ile alama yako moja uliyochagua, uione hiyo subira imekaa pale, anasubiri kitu miaka na miaka hizo nyusi zake zimetulia tu. Kama jina halina maana kwako, tafuta mtu mwingine unayemjua mwenye jina hilo uwasimamishe wote wawili kichwani, au litafutie neno linalosikika karibu nalo.

Na lichukue vizuri mwanzoni. Mara nyingi tunasema tumesahau jina kumbe hatukulisikia, tulikuwa tunafikiria sisi tutajitambulishaje. Mwambie arudie, hakuna anayekasirika ukimwuliza jina lake linatamkwaje.

Baada ya hapo jiulize mwenyewe bila kuchungulia. Thomas Landauer na Robert Bjork walionyesha mwaka 1978 kwamba majina yanakaa ukiyavuta kutoka kichwani kwa vipindi vinavyozidi kurefuka, badala ya kuyarudia rudia palepale. Mimi navuta baada ya dakika moja hivi, halafu baada ya kama dakika kumi, halafu nikiwa njiani kurudi, halafu kabla ya kulala nafumba macho namwona na nalitaja jina. Kulala kwenyewe ni sehemu ya kazi, usingizi unasaidia jina na sura vishikane, kwahiyo ukikesha usiku wa siku uliyokutana na watu wengi unajiibia. Asubuhi navuta tena mara moja. Na kwenye kundi la watu ishirini usijaribu wote, chukua watatu wanne ubaki nao vizuri, wengine watakuja siku nyingine.

Umeshakwama tayari na mtu yuko mbele yako? Usilikimbize jina, ukililazimisha linazidi kujificha. Rudi hatua ya pili, tulikuwa wapi, nani mwingine alikuwepo, ilikuwa msimu gani, sikiliza sauti yake maana sauti mara nyingi inafungua kinachogoma kwenye sura. Ikishindikana sema tu, "sura yako naijua kabisa na nakumbuka tuliongelea kile kitu, nikumbushe jina". Ukitaja kitu kimoja cha kweli kuhusu yeye, hata kidogo, haimuumizi, kwa sababu umemuonyesha kwamba yeye hukumsahau, umesahau jina lake tu.

Watu wenye sura "zinazofanana wote"

Ukienda kati ya watu wa asili tofauti na waliokuzunguka ukikua, unaweza kuona wote wanafanana, na wao wanaona hivyo hivyo kwenu. Inatokana na mazoea. Olivier Pascalis na wenzake mwaka 2002 waliona watoto wa miezi 6 wanatofautisha hata nyani mmoja na mwingine, wakifika miezi 9 uwezo huo umekwisha, ubongo umeshachagua sura unazozihitaji. Lakini haujafungwa moja kwa moja, watoto waliozaliwa Korea wakalelewa na familia za Ufaransa, walipopimwa ukubwani walitambua sura za Wazungu vizuri kuliko za Waasia. Kwahiyo kinachosaidia ni kuwajua watu mmoja mmoja, kwa majina na habari zao. Kukaa mtaa mmoja bila kuongea nao hakutoshi. Na vile vitu unavyozoea kutofautishia watu wenu, mfano aina ya nywele au rangi ya macho, huenda kwao havitofautishi kitu, waulize wao wanatambuana kwa nini.

Kama umejaribu yote na bado

Hapa naomba usome kwa makini. Kuna watu ambao ubongo wao haushiki sura kabisa, inaitwa prosopagnozia, jina alilitoa daktari Mjerumani Joachim Bodamer mwaka 1947 kwa wagonjwa walioumia kichwani, lakini wengi wanazaliwa nayo, inakadiriwa kama watu 2 kwa kila 100. Macho yao ni mazima, akili ni nzima. Daktari wa neva Oliver Sacks alikuwa nayo, Jane Goodall aliyeishi na sokwe pia, na mchoraji Chuck Close aliyetumia maisha yake kuchora sura kubwa za watu. Kama humtambui mtu wa karibu akibadilisha nywele, kama unapotea kwenye filamu kwa sababu wahusika wanachanganyika, kama umewahi kushindwa kujiona mwenyewe kwenye picha ya kundi, inawezekana ni hiyo. Usijichape. Tegemea sauti, mwendo, namna mtu anavyosimama, na waambie watu wako wa karibu wazi kabisa ili wajitambulishe wao kwanza. Ila ikitokea ghafla, yaani jana ulitambua watu na leo hutambui, hiyo sio ya kusoma mtandaoni, nenda hospitali saa hiyo hiyo maana inaweza kuwa kiharusi.

Na upande wa pili wapo waliojaliwa, wanaona sura mara moja wanaikumbuka miaka, walielezwa kitaalam mwaka 2009 na polisi wa London wamewatumia kutafuta watu kwenye kamera. Tafiti za mapacha zinaonyesha sehemu kubwa ya kipaji hiki ni kurithi, kwahiyo usijipime na rafiki yako ambaye hasahau mtu. Jipime na wewe wa mwaka jana. Na kama una miaka ishirini na kitu, uwezo huu unaendelea kupanda mpaka unavuka kidogo 30.

Kitu kimoja cha kuogopa hata ukiwa umekuwa mzuri sana kwenye hili: kuwa na uhakika na kuwa sahihi ni vitu viwili. Utafiti wa 2014 uliwapima maofisa wa pasipoti wa Australia, kazi yao kila siku ni kulinganisha picha na mtu aliyesimama mbele yao, na walikubali picha ya mtu mwingine karibu mara 14 kwa kila 100, hata walioifanya kazi hiyo miaka mingi. Na kule North Carolina, Marekani, mwaka 1984, mwanamke mmoja aliyeshambuliwa alijitahidi kabisa kuikariri sura ya aliyemshambulia ili aje kumtambua, akamchagua Ronald Cotton bila shaka yoyote moyoni. Cotton alikaa jela zaidi ya miaka 10, mwaka 1995 vipimo vya DNA vikaonyesha alikuwa mtu mwingine. Ukiombwa kumtambua mtu mahali ambapo maisha ya mwenzako yanategemea jibu lako, na humjui mtu huyo kwa kuzoeana naye, sema kiwango cha uhakika wako tangu mwanzo na usikubali kusukumwa.

Na siku wewe ndo unasahauliwa, usimtegee mwenzako kwa "nikumbuke mimi nani". Mpe hatua zote tatu kwa mpigo, "mimi Baraka, tulikaa meza moja kwenye ile semina, tukaongelea mtoto wako anayeanza shule", utaona sura yake inavyobadilika.